Kila Kitu na Namba Yake: Mwongozo kwa Wavuvi na Wafanyabiashara wa Rumonge

Injini ya boti ikiibwa Rumonge saa nane za usiku, kukipambazuka inaweza kuwa imeshavuka upande wa Fizi, Kongo, au iko njiani kuelekea Kigoma. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 673 na linagawanywa na nchi nne: Burundi, Tanzania, Kongo na Zambia. Mwizi wala hahitaji kuificha. Anaipaka rangi, anaifunga kwenye tezi ya boti nyingine, na baada ya wiki moja inavua ndagala mbele ya macho ya watu. Ukiiona utasema, "Hii ni yangu." Atakujibu, "Za namna hii ziko ngapi ziwani?" Kama huna cha kuonyesha, neno lako na lake yana uzito uleule.

Kuna hasara nyingine isiyosemwa sana. Mali ikipotea bila kujulikana imepotelea wapi, lawama humwangukia aliye mnyonge: utingo, mlinzi wa mwaloni, kijana anayebeba mizigo. Mtu anafukuzwa kazi, na wakati mwingine anapigwa, kwa kitu ambacho hakukigusa.

Mwongozo huu unakuonyesha namna ya kuipa kila mali namba yake peke yake, kuihifadhi namba hiyo, na kuisoma kila mara mali inapotoka mkono mmoja kwenda mwingine. Hatua ya mwisho ndiyo inayorukwa na wengi, nayo ndiyo yenye nguvu. Namba ikisomwa na kila mnunuzi, mwizi hukosa soko. Ikisomwa kwenye kila makabidhiano, asiye na hatia husalimika.

Kwanza, tofautisha namba ya aina na namba ya kitu

Tazama katoni ya sabuni dukani. Ina mistari myeusi na tarakimu chini yake. Huo ni msimbopau, uliosomwa dukani kwa mara ya kwanza tarehe 26 Juni 1974 mjini Troy, Ohio, Marekani, kwenye pakiti ya chingamu. Unamwambia muuzaji bidhaa ni ya aina gani, basi. Katoni zote za sabuni ile zina msimbo uleule, kwa hiyo hauwezi kukuambia katoni iliyoko duka la jirani ndiyo iliyotoka ghalani kwako.

Unachohitaji ni namba ambayo kitu kimoja tu ndicho kinayo. Vitu vya kiwandani vya thamani huzaliwa nayo. Bidoni, mtumbwi na wavu havina. Hivyo utavipa mwenyewe.

Hatua ya 1: Andika namba zilizopo tayari

*Injini ya boti.* Tafuta kibati kidogo kwenye bano linaloshika tezi ya boti. Kwenye injini nyingi za Yamaha, ambazo zimeenea ziwani, hapo ndipo utakapokuta aina ya injini na namba yake ya kiwandani. Kisha vua kofia ya injini utazame chuma chenyewe. Aina nyingi zina kizibo kidogo cha duara kilichogongwa namba ileile. Andika zote mbili. Mwizi huanza kwa kung'oa kibati. Kile kizibo hana habari nacho, au hana zana za kukifikia.

*Pikipiki.* Namba ya chesisi imegongwa kwenye fremu, karibu na shingo ya usukani. Kwa utaratibu wa kimataifa ina herufi na tarakimu 17. Injini nayo ina namba yake ubavuni. Usitegemee kibao cha nyuma, kwani hufunguliwa kwa bisibisi.

*Simu.* Bonyeza *#06#. Itatokea namba ya IMEI yenye tarakimu 15. Simu ya laini mbili huwa nazo mbili. Ifanye leo, simu ikiwa ingali mkononi mwako. Kama bado una boksi lake, namba hizo zimebandikwa hapo pia.

*Paneli ya sola, betri na taa.* Paneli ina karatasi ya namba mgongoni. Betri nyingi zina namba juu au ubavuni. Hivi ndivyo vitu vinavyotoweka kwa urahisi siku hizi, kwa sababu taa za kuvutia ndagala usiku zinatumia betri, na betri moja hubebwa begani na mtu mmoja.

Piga picha kila namba kwa ukaribu, kisha piga nyingine inayoonyesha kitu kizima pamoja na mwenyewe. Picha hizo mtumie ndugu anayeishi mbali nawe. Simu yako ikiibwa siku moja na injini, ushahidi usiondoke na vyote viwili.

Hatua ya 2: Tunga namba yako mwenyewe

Namba nzuri ni fupi, husomeka hata ikichafuka, na hujikagua. Tuchukue mfano huu: RM-BH-147-8.

RM ni Rumonge. BH ni mwenye mali. Herufi hizi zitolewe na kamati ya mwalo au chama chenu, ili watu wawili wasiwe na zinazofanana. Epuka I, O na Q. Hata namba za chesisi za magari hazitumii herufi hizo, kwa sababu huchanganywa na 1 na 0. Tarakimu 147 ni ya kitu chenyewe. Ukishaitoa usiirudie kamwe, hata kama bidoni ile imepasuka na kutupwa.

Ile 8 ya mwisho ni ya uthibitisho. Zidisha tarakimu ya kwanza kwa 3, ya pili kwa 1, ya tatu kwa 3. Jumlisha, kisha chukua tarakimu ya mwisho ya jumla. Kwa 147 ni 3 + 4 + 21, sawa na 28, basi andika 8. Karani akikosea akaandika 174-8, hesabu itatoa 3 + 7 + 12, sawa na 22, yaani 2. Namba 8 na 2 hazipatani, na kosa linaonekana hapohapo, kabla ya mtu kushtakiwa kwa kukosa bidoni ambayo haikuwahi kuwepo. Njia hii hunasa kila kosa la tarakimu moja na makosa mengi ya kubadilishana nafasi. Misimbopau ya madukani hujikagua kwa mtindo huohuo wa 3 na 1.

Ukitaka msimbo wa QR, ile miraba midogo iliyobuniwa na kampuni ya Denso Wave ya Japani mwaka 1994 kwa ajili ya vipuri vya magari, unaweza kuchapisha stika na simu ikazisoma. Zinafaa kwa katoni zilizoko ndani ya ghala. Kwenye bidoni yenye mafuta na kwenye boti inayochapwa na jua na maji, stika hubanduka. Hata ukiitumia, namba ya kuonekana kwa macho ibaki.

Hatua ya 3: Weka alama isiyofutika

Kalamu na rangi haziwezi ziwa. Tumia njia inayofaa kila kitu.

*Chuma.* Mafundi wa kuchomelea huwa na ponchi za namba, vyuma vifupi vyenye tarakimu kichwani vinavyopigwa kwa nyundo. Gonga kwenye sehemu nene ya bano la injini. Usigonge kwenye silinda wala kwenye aluminiamu nyembamba, itapasuka.

*Bidoni ya plastiki.* Choma kwa waya wa moto kwenye mkono wa bidoni, ambako plastiki ni nene. Ukichoma ubavuni utaitoboa, na mawese yatavuja hadi Bujumbura.

*Mbao.* Choma au chonga kwenye ubavu wa omo, na mara ya pili ndani, chini ya ubao wa kukalia.

*Wavu.* Chomea namba kwenye maboya, na ufume uzi wa rangi yako kwenye pembe zote nne. Wavu unaopotea majini huendelea kunasa na kuua samaki wasiovuliwa na mtu. Ndiyo maana mwaka 2018 nchi wanachama wa FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, zilipitisha mwongozo wa hiari wa kuweka alama kwenye zana za uvuvi, ili zikiokotwa zirudi kwa wenyewe.

*Paneli na betri.* Kwenye paneli, chora fremu ya aluminiamu kwa msumari mgumu. Usiguse kioo wala karatasi ya mgongoni. Kwenye betri, chora juu juu tu kwenye plastiki, usije ukaitoboa tindikali ikamwagika.

Kila kitu cha thamani kiwe na alama mbili: moja ya wazi, inayomwambia mwizi kwamba mali hii ina mwenyewe, na moja ya siri. Ile ya siri usimwonyeshe hata baharia wako. Siku ya mabishano, atakayejua ilipo ndiye mwenye mali.

Hatua ya 4: Fungua daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari. Nunua daftari gumu lenye kurasa zilizoshonwa, si la kuchanwa, na uzipe kurasa namba. Kila kitu kipewe mstari wake: namba yako, namba ya kiwandani, maelezo, tarehe ya kununua, aliyekuuzia, risiti iko wapi, na nafasi ya kuandika kitu kikiuzwa au kikiharibika. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya kosa na uandike upya pembeni. Daftari lenye madoa ya kufutwa haliaminiki mbele ya polisi wala mbele ya hakimu.

Tengeneza nakala mbili. Moja ikae nyumbani, nyingine kwa mtu unayemwamini anayeishi mahali pa juu. Mwaka 2024 maji ya ziwa yalipopanda na kuvamia makazi ya ufukweni, kuanzia Gatumba hadi Rumonge, watu walihama na walichoweza kubeba. Karatasi hazikuwa za kwanza kuokolewa.

Hatua ya 5: Soma namba kila mali inapobadili mikono

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Tuseme umepakia bidoni 40 za mawese, lita 20 kila moja, kutoka Rumonge hadi Bujumbura kwa barabara ya RN3, kilomita 70 na ushei. Wengi huhesabu: arobaini zimepanda, arobaini zimeshuka, kazi imekwisha. Hesabu peke yake hudanganya kirahisi. Jaza orodha ya safari badala yake:

Tarehe, namba ya gari, jina la dereva
RM-BH-147-8, kilo 19.1
RM-BH-148-1, kilo 19.0
RM-BH-149-4, kilo 19.2
(na kuendelea hadi ya arobaini)
Kwenye kila mstari: saini ya aliyepakia, ya dereva na ya aliyepokea.

Uzito una sababu yake. Lita 20 za mawese zina kilo 18 na kidogo, bila bidoni. Lita 20 za maji zina kilo 20. Sasa tazama yanayoweza kutokea.

Bidoni 39 zimefika, na orodha inasema iliyokosekana ni 148. Dereva alisaini kuipokea? Kama alisaini, imepotelea njiani. Kama mstari wake hauna saini, haikupanda gari kabisa, na utingo hana la kujibu. Hakuna sababu ya kumshika mtu kola.

Bidoni 40 zimefika, lakini moja haina namba. Mali imebadilishwa. Mwenye kuhesabu tu asingegundua mpaka mteja alalamike.

Bidoni 40 zimefika na namba zote zipo, ila 148 sasa ina kilo 20. Mtu amechota mafuta, kiasi cha nusu, na kujaza maji. Ifungue mbele ya dereva kabla hajaondoka.

Kwa safari za mbali, funga vifuniko kwa lakiri za plastiki zenye namba, na namba ya lakiri iandikwe mstari mmoja na ya bidoni. Lakiri iliyokatwa haiungiki.

Ziwa letu linajua mzigo mkubwa wa namna hii. Mwaka 1913 meli Graf von Götzen, ambayo leo ni Liemba, iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande na kupakiwa kwenye makasha kama 5,000. Makasha hayo yalivuka bahari hadi Dar es Salaam, yakapanda reli, na meli ikaunganishwa upya Kigoma. Kwa anayehesabu tu, makasha 4,999 ni karibu yote. Kwa fundi anayesubiri kipande cha usukani kilichomo kwenye kasha lililobaki, hayo 4,999 bado hayajawa meli. Ni lazima ajue ni kasha gani halijafika, si mangapi.

Mwaloni tumieni utaratibu huohuo. Jioni, injini, betri na taa zinapotoka stoo kwenda kwenye boti, msimamizi asome namba na baharia atie saini. Alfajiri zinaporudi, zisomwe tena. Ni kazi ya dakika chache, na inamlinda baharia kuliko inavyomlinda tajiri.

Hatua ya 6: Unaponunua kitu kilichotumika

Mwizi huishi kwa sababu kuna mnunuzi asiyeuliza. Kabla hujatoa faranga, fanya haya.

Tazama namba kwa tochi, kwa upande. Chuma kilichopigwa tupa hung'aa tofauti na kilicho jirani yake. Ukipitisha kidole utasikia bonde. Riveti mpya kwenye kibati cha zamani ni dalili mbaya.

Linganisha kibati cha nje na kizibo cha ndani. Zisipofanana, au muuzaji akikukataza kuvua kofia, ondoka.

Mwombe karatasi ya ununuzi wake. Kisha andikeni hati ya mauziano yenye namba zote, mashahidi wawili, na saini ya mkuu wa nyumba kumi. Piga picha ya kitambulisho chake kwa ridhaa yake. Muuzaji wa haki hatakasirika, kwa kuwa hati hiyo inamlinda yeye pia.

Uliza kwenye kamati za mialo kama namba hiyo imetangazwa. Bei ikiwa chini mno, jua kuna sababu. Kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai nchini Burundi, na mali yenyewe itarudi kwa mwenyewe. Utakuwa umepoteza fedha, injini na jina.

Hatua ya 7: Ikiibwa au ikipotea

Nenda polisi siku hiyohiyo na daftari, risiti na picha. Hakikisha namba za kiwandani zimeandikwa ndani ya PV, yaani hati ya polisi ya maelezo yako, na uisome kabla ya kusaini. Omba namba ya PV hiyo. Mwarifu mkuu wa nyumba kumi na kamati ya mwalo.

Ukisema tu "nimeibiwa Yamaha", polisi hawana pa kuanzia. Ukiwa na namba, taarifa inaweza kusafiri. Interpol ina kanzidata ya vyombo vya majini na injini zilizoibwa, na nchi zote nne za ziwa hili ni wanachama. Mtu binafsi haingii humo. Huingizwa na polisi kupitia ofisi ya Interpol ya nchi yake. Liombe jambo hilo waziwazi.

Kisha tuma ujumbe kwenye mialo: Minago, Nyanza-Lac, Kabonga, na ng'ambo Kigoma, Baraka na Kalemie. Kiswahili kinaeleweka kote huko, kwa hiyo ujumbe mmoja unatosha:

"Imeibwa Rumonge usiku wa kuamkia tarehe fulani. Injini Yamaha, nguvu farasi 40, namba ya kiwandani ni hii, alama ya mwenyewe kwenye bano ni hii. Imeripotiwa polisi. Ukiiona usiinunue na usimkabili aliye nayo. Toa taarifa polisi au kwa kamati ya mwalo wako. Kifuta jasho kipo."

Alama ya siri usiitaje. Simu ikiibwa, nenda kwenye kampuni ya laini yako wafunge laini na akaunti ya fedha, Lumicash au Ecocash, kabla ya jambo lingine lolote.

Na ukimkuta mtu na mali yako, usiite umati. Huenda aliinunua bila kujua, na ndiye atakayewaonyesha polisi aliyemuuzia. Mtu akishapigwa hadi kufa, mnyororo umekatika, na damu iko mikononi mwenu. Soma namba, piga picha kama ni salama, ita polisi.

Ukiokota wewe, iwe ni wavu unaoelea au bidoni iliyosukumwa na mawimbi, soma namba na uipeleke kwenye kamati. Mfumo huu unakufaa wewe kwa kadiri unavyomfaa mwenzako.

Pa kuanzia

Usisubiri chama kizima kikubali. Kwenye siku za mwezi mpevu, ndagala hawavutiwi na taa na boti nyingi hukaa nchi kavu. Tumia siku hizo. Ya kwanza, kusanya mali, andika namba za kiwandani na upige picha. Ya pili, fundi agonge na kuchoma alama. Ya tatu, kaa na mabaharia wako, wasomee daftari, na mkubaliane nani atasoma namba jioni na nani alfajiri. Waeleze kwamba saini zao zitawatetea siku kitu kitakapokosekana, kisha uwe wa kwanza kutii: kitu kikipotea, fungua daftari kabla hujamnyooshea mtu kidole.

Wenye boti watano wakifanya hivyo kwenye mwalo mmoja, wa sita ataulizwa kwa nini injini yake haina namba. Wanunuzi wa Rumonge wakianza kuuliza swali hilo, na wa Nyanza-Lac na Kigoma wakalifuata, injini ya wizi itabaki kuwa chuma kizito kisichouzika popote kwenye ziwa hili.